Muulize Mwalimu: Naipenda lugha, hiyo inatosha kunipeleka darasani?

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinazunguka jambo moja, ualimu wa lugha za kigeni sekondari. Nadhani ni kwa sababu watu wako kwenye msimu wa kuchagua kozi na kila mtu ana presha. Wanaonisoma siku zote wanajua mi nimefundisha Kifaransa sekondari miaka mingi, kwahiyo nitajibu kama mtu wa chaki. Barua nimezipunguza kidogo, zingine zilikuwa ndefu kama insha ya mtihani, na moja ilikuwa na makosa ya kuniwashia kalamu nyekundu ila nimejizuia.

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, nimemaliza shule na lugha ndo kitu pekee nilichokuwa naongoza darasani. Kihispania nimejifunza mwenyewe kwa tamthilia na nyimbo mpaka sasa naota kwa Kihispania, sikutanii. Nataka kusomea ualimu nikafundishe sekondari lakini kila nikisema watu wananicheka, eti na akili zote hizo unaenda kushika chaki? Sasa nimeanza kujiuliza labda sababu zangu ni za kitoto. Zenyewe ni hizi: naipenda lugha, napenda tamaduni za watu wake, na nataka siku moja nisafiri. Zinatosha?*
*Naota kwa Kihispania*

Marahaba mdogo wangu. Wanaokucheka waache wacheke. Ila swali lako la mwisho ni zito na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: hazitoshi. Ni nzuri, ndo zilizotuleta wengi wetu, lakini ni sababu za kujifunza lugha. Hebu isome tena sentensi yako, humo ndani hakuna mwanafunzi hata mmoja.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme shule imekupa vipindi 3 kwa wiki vya dakika 40, hizo ni saa 2. Mwaka una wiki kama 36 za masomo ukiondoa likizo, mitihani bado hujaiondoa, unapata saa 72. Kwa miaka 4 ni saa 288. Sasa watu wa Cambridge wanakadiria kwamba kwa Kiingereza mtu anahitaji saa kama 180 mpaka 200 za kufundishwa kufika kiwango cha A2, ngazi ya pili kutoka chini kati ya sita za kupimia lugha, na 350 mpaka 400 kufika B1, ngazi ya tatu, yaani pale anapoanza kujitegemea kidogo akiwa safarini. Umeona tunaangukia wapi? Mwanafunzi wako wa kawaida, uliyemlea miaka minne, ataondoka anajieleza jina, familia, jana alifanya nini, kesho anaenda wapi, na hapo ujue umefanya kazi vizuri. Ule ushairi unaokutoa machozi na zile tamthilia hutazigusa na watoto hao, au utazigusa kwa ncha ya kidole. Maisha yako yote ya kazi utakuwa unaishi kwenye "naitwa nani" na "saa ngapi sasa".

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama hicho kiwango cha chini kabisa, ambacho wewe ulikipita zamani na umeshakisahau, unaweza kukirudia kila mwaka na watu wapya bila kukinai.

Ngoja nikupe picha. Kifaransa kina ile u ya neno tu, lenye maana ya "wewe", sisi hatuna sauti hiyo. Mtoto atakuambia "ti" au atakuambia "tu" kama ya "sisi tu". Ukimweleza kwa maneno hakuelewi. Unachofanya, unamwambia atoe i, aishikilie hivyohivyo iiii, alafu bila kusogeza ulimi abinue midomo kama anapiga mluzi. Basi darasa zima, vichwa 40, midomo imebinuka, wengine wanacheka, mmoja anapiga mluzi kweli, na huko nyuma kwenye kona inatoka u moja safi kabisa kutoka kwa mtoto ambaye dakika iliyopita alikuwa anasema "ti". Anashtuka mwenyewe. Anageuka kuangalia kama wenzake wamesikia. Nimefanya zoezi hilo kila mwaka tangu nianze kazi na mpaka leo vinyweleo vinanisimama. Sasa mdogo wangu kama unasoma hapa unasema moyoni "mbona kitu kidogo hivyo", basi nenda kasomee tafsiri au ukalimani, ni kazi nzuri na lugha utaila kwa kijiko kikubwa zaidi kuliko sisi. Kama umetabasamu, njoo huku.

Namna ya kujipima bila gharama: tafuta mtu mmoja asiyejua Kihispania hata kidogo, awe wa miaka 13 au 14, tena asiwe na hamu sana, mfundishe nusu saa kila siku kwa wiki mbili. Usichague rafiki yako anayependa nyimbo kama wewe, huyo anakudanganya. Siku ya nane hivi, akiwa amesahau kila kitu cha siku ya tatu, jichunguze. Ukijikuta unatafuta njia nyingine ya kumwelezea, una ugonjwa wetu. Ukijikuta umemkasirikia, bado mapema, ila liandike mahali.

Na huo uzuri wa lugha haupotei bure, unageuka kuwa kitu kingine. Mimi ualimu ndo umenifanya niijue lugha yangu mwenyewe. Watoto wakilalamika kwamba Kifaransa kinawachanganya na le na la, kwanini meza iwe ya kike, huwa nawaambia hebu semeni "kiti kimevunjika". Wanasema. Sasa "meza imevunjika". Wanasema. Sasa semeni "kiti imevunjika". Wanacheka! Nawauliza nani aliwafundisha? Hakuna. Ninyi mna ngeli zaidi ya kumi kichwani na hamjawahi kuzihesabu, alafu mnaogopa mbili za Mfaransa? Wewe wa Kihispania una bahati zaidi, siku ya kwanza unawaandikia mesa ubaoni, hawahitaji tafsiri, maana meza yetu ilitoka kwa Wareno na Wareno nao wanasema mesa. Mwalimu wa Kijerumani anafanya hivyohivyo na Schule, ndo shule yetu hiyo.

Kusafiri usikuweke mbele. Nafasi za mafunzo zinatokea, lakini kuna walimu wazuri sana wa lugha ambao pasipoti zao hazina hata mhuri mmoja.

*Mwalimu habari. Mimi nina cheti cha ualimu tayari na napenda lugha, ila naona watu wanasema lugha inafundishwa utotoni, ukishafika sekondari ubongo umeshaganda. Kwanini nisiende tu chekechea au nifundishe watu wazima ambao wanalipa na wanajituma? Hao wa sekondari wana dharau.*
*Sitaki dharau*

Nzuri kaka. Hilo la ubongo kuganda limetiwa chumvi sana. Kuna utafiti wa Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle uliochapishwa 1978, waliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wanajifunza Kiholanzi hukohuko Uholanzi, kuanzia watoto wa miaka 3 mpaka watu wazima. Waliokwenda kasi zaidi miezi ya mwanzo walikuwa wa miaka 12 mpaka 15. Waliopata chini kabisa ni wale wadogo wa miaka 3 mpaka 5. Mtoto mdogo ana faida yake kwenye matamshi akikaa na lugha miaka na miaka, sikatai, lakini kwa vile visaa viwili vyetu vya wiki, kijana wa sekondari anakula gramari haraka kuliko mdogo wake.

Shida ya umri ule ni aibu, na hiyo dharau unayoiona mara nyingi ni aibu iliyovaa koti. Kijana wa miaka 14 anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufeli, na sisi tunamwambia asimame mbele ya wenzake atoe sauti ambazo mdomo wake haujawahi kutoa, hebu fikiria. Lakini hapohapo ndo penye utamu wenyewe. Nilikuwa na binti mmoja hakuwahi kufungua mdomo, sio Kifaransa tu, walimu wa masomo mengine nao walikuwa wanalalamika. Siku moja tunaigiza mtu anakaguliwa mpakani, nikamtupia kofia nikamwambia wewe ndo askari, mimi abiria. Akakaa kimya, nikajua nimemuumiza. Mara akapiga meza, "Vos papiers, madame!", nionyeshe hati zako, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nikapapasa, sina kitu, nikamkabidhi rejista ya mahudhurio. Akaifungua, akaikagua ukurasa kwa ukurasa, akasema "Non." Darasa lililipuka. Kwa lugha yake asingeweza kunifokea vile, ile lugha ngeni ilimpa uso wa kuazima. Watu wazima wanalipa, ndio, lakini wanakuja na nyuso zao kamili tayari.

*Mwalimu mi nina Kijerumani kizuri tu cha kusomea, ila sio mzawa na lafudhi yangu inasikika kilomita moja. Nina haki kweli ya kumfundisha mtu? Si bora shule itafute Mjerumani mwenyewe? Na kiwango gani ndo kinatosha?*
*Lafudhi nzito*

Dada, nianze na kisa cha aibu yangu. Mara ya kwanza kukaribishwa mezani na Wafaransa, mwenyeji akaniongeza sahani nikataka kukataa kwa adabu, nikatafuta neno la kujaa nikasema "je suis pleine". Kimya. Hilo neno ukilisema hivyo ni la mnyama mwenye mimba! Basi tangu siku hiyo kila darasa langu linaonywa mapema, na hakuna mwanafunzi wangu atakayetumbukia shimo hilo. Mfaransa mwenyewe hawezi kuwaonya maana hakuwahi kupita njia inayolipitia shimo, yeye alizaliwa ng'ambo ya pili. Ndo mtaji wako huo. Unajua der, die, das, vile vineno vya Kijerumani vinavyoonyesha jinsia ya jina, zinauma wapi, unajua siku uliyogundua kwamba Mädchen, msichana, ni das, na ulijisikiaje, na ulitumia ujanja gani kuikariri.

Na hata wakubwa wa fani wameliona hilo. Ile mizani ya viwango 6, A1 mpaka C2, iliyotolewa na Baraza la Ulaya 2001, ilikuwa inapima baadhi ya mambo kwa kumtaja "mzawa wa lugha". Walipoipitia upya 2018 wakaondoa maneno hayo kwenye vipimo, kinachoangaliwa ni kama unaeleweka na unafanya jambo lako kwa lugha hiyo.

Lafudhi nzito na matamshi mabovu ni vitu viwili tofauti, usijifiche nyuma ya la kwanza. Ukimwambia mtoto schon na schön ni sauti moja umemharibia, maana moja ni "tayari" na nyingine ni "-zuri". Hapo jirekodi kwenye simu, sikiliza, ona haya, rudia. Kiwango, ushauri wangu usisimame darasani na chini ya B2, na ulenge C1. Sio kwa ajili ya mtihani, ni kwa ajili ya lile swali la ghafla la mtoto wa kona, "mwalimu, kikohozi kinaitwaje?" Cheti cha nje kinasaidia pia kwa sababu hakibishaniwi, Kijerumani utakipata kwa Goethe-Institut, wako kwenye shughuli hii tangu 1951, Wafaransa wana DELF na DALF, Wahispania wana DELE. Na kitu ambacho vyuo wanakigusa kidogo: jifunze Kijerumani cha darasani. Fungua ukurasa, nyamaza, badilishaneni daftari, nani hajaelewa. Mtu anaweza kuwa na C1 ya kusoma magazeti alafu akashindwa kumwambia mtoto atoe kiganja mdomoni.

*Mwalimu, swali fupi. Simu sahizi inatafsiri kila kitu, hata kuongea inaongea. Mtu anayesomea ualimu wa lugha leo si anasomea kutengeneza taipureta?*
*Mkweli*

Google walianzisha tafsiri yao 2006, na 2016 ilipohamia kwenye mfumo wa neva bandia ikawa nzuri kwelikweli, kwahiyo presha hii tunayo muda sasa na bado tupo. Sitakudanganya kwamba hakuna kilichobadilika. Kazi ya nyumbani ya kuandika imekufa, mimi nimeizika. Nilikuwa na kijana hawezi kuhesabu mpaka 20, akaniletea insha kuhusu likizo imeandikwa kwa passé simple, ule wakati uliopita wa vitabuni ambao hata Wafaransa wenyewe hawauongei. Nikamwita nikamwambia nisomee sentensi ya kwanza. Akaisoma kama anatembea juu ya miba. Nikamuuliza kitenzi chake ni kipi, akanionyesha jina la mji! Sikumwadhibu, nilimpa maksi 20 kwa 20 nikaandika pembeni "pongezi kwa simu", akacheka, wiki iliyofuata akaandika sentensi nne mbovu za kwake.

Sasa wanaandika mbele yangu kwa kalamu na wanajieleza kwa mdomo dakika tano tano. Jirani yangu wa ofisi ya walimu anaiona mashine kama mwizi, mi naiona kama kikokotoo, nacho kilipokuja hatukumfukuza mwalimu wa hesabu. Ila nakubali, kama sababu yako ya kuwa mwalimu wa lugha ni kuwa kamusi ya darasa, yule anayejua maneno ambayo wengine hawajui, hiyo nafasi imeshachukuliwa.

*Mwalimu, ni mzazi. Binti yangu ana alama za kwenda kozi yoyote na anang'ang'ania ualimu wa Kichina sekondari. Baba yake amenuna wiki ya pili. Nimwambie nini huyu mtoto?*
*Mama katikati*

Mama pole kwa kukaa katikati ya fahali wawili. Kwa baba mtu, mwambie hivi: chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani kinakadiria saa kama 2200 za darasani kwa msemaji wa Kiingereza kukimudu Kichina kikazi, wakati Kihispania hazifiki hata 800. Mtoto anayechagua mlima huo kwa hiari sio mvivu. Na lugha hiyo ni moja ya zile 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, kwahiyo akichoka na darasa huko mbeleni milango ya tafsiri na ukalimani iko pembeni.

Kwa binti, muulize jambo moja tu ambalo vijana hawalifikirii: somo lake la pili la kufundishia ni lipi? Lugha za kigeni mashuleni zinakuja na kuondoka, mwaka huu wanafunzi 60, mwaka kesho mkuu mpya anaifuta kwenye ratiba, nimeona mwalimu hodari akibaki bila vipindi muhula mzima. Akiwa na historia au hata lugha ya pili mkononi atakaa salama. Mshahara hautamtajirisha, hilo baba yake yuko sahihi.

*Mwalimu wiki ijayo nina usaili wa chuo cha ualimu, kitengo cha lugha. Wanasema swali la kwanza ni "kwanini unataka kuwa mwalimu wa lugha". Ukweli wangu ni kwamba kozi niliyoitaka nilikosa, hii ilikuwa chaguo la pili, ila nimeanza kuipenda. Nisemeje?*
*Chaguo la pili*

Kwanza toa wasiwasi, hata mimi niliingilia dirishani. Nilitaka uandishi wa habari.

Nimewahi kukaa upande wa pili wa ile meza mara kadhaa. Ukianza na "tangu utotoni ndoto yangu", tunachora maua pembeni mwa karatasi, sio kwa dharau, ni kwamba tumeshalisikia asubuhi hiyo mara tisa. "Lugha ni daraja" nalo liache nyumbani. "Napenda watoto" inategemea, wa miaka 15 hawataki kupendwa kwa namna hiyo.

Leta kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Kuna msichana mmoja hatukumtegemea sana, alama zake za kawaida, tukamuuliza akasema alikuwa anamfundisha mdogo wake kuhesabu kwa Kijerumani, mtoto anafika sita alafu anaruka nane. Kila siku. Saba hataki. Akafikiri mtoto hakariri, akamwandikia, akamwimbia, wapi. Baadaye akakumbuka kwamba siku ya kwanza mtoto alisoma sieben kwa s, na Wajerumani wanaianza kama z, akamsahihisha mbele ya rafiki zake wakamcheka. "Kumbe saba anaijua," akasema, "anaikwepa." Mwenzangu aliyekuwa anachora maua akaacha. Tukamuuliza akafanyaje, akasema aliacha kuwafundisha wakiwa wengi, akawa anahesabu naye wakipanda ngazi, wawili tu, kila ngazi namba, na ngazi ya saba anaitamka yeye kwa kunong'ona, mpaka siku mtoto akaiwahi.

Tafuta cha kwako cha namna hiyo, hata kama ni cha wiki iliyopita. Na lile la kukosa kozi, wakikuuliza sema, wasipouliza usijipeleke mwenyewe.